Vumbi Nililolibeba Mwenyewe Hadi Jikoni

Ukinikuta njiani Bombambili utadhani nimebeba ndoo ya maji mkono wa kulia. Bega la upande huo limeshuka, mbavu zimenywea, na koti langu la Jumapili halikai sawa hata lishonwe upya. Watoto wa jirani huniiga mwendo wakidhani siwaoni. Siwakemei. Mtu aliyeambiwa na daktari kwamba wagonjwa wengi wa aina yake hawafikishi mavuno ya pili, naye sasa amekula mahindi mabichi ya mwaka wa sita, hana sababu ya kugombana na watoto kwa ajili ya bega.

Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa paa, hasa sisi tulioanza kazi zamani, na kwa ajili ya wake zetu. Mambo ya kitaalamu waulizeni madaktari. Mimi shule niliishia darasa la nne, na ninachoweza kuwaeleza ni kungoja kwenye mabenchi, kukonda, na kuona haya. Haya hasa. Nimesikia watu wengi wakisimulia maradhi yao, na kila mmoja mwishoni hujitoa shujaa. Mimi nimejitafuta humu mahali nilipokuwa shujaa, sikujiona.

Yalianza msimu wa baridi, mahindi yamekwisha kuvunwa, katika ile miaka ya ruksa. Maduka ya Songea yalikuwa yamejaa sabuni na sukari tulizozoea kuzipangia foleni, na kila mwenye miguu alikuwa anafanya biashara. Mke wangu Skolastika, ambaye wote humwita Mama Yusta kwa jina la binti yetu wa pekee, alikuwa analeta dagaa kutoka Mbamba Bay na kupeleka mitumba Tunduru. Mimi mkandarasi wangu wa miaka zaidi ya ishirini alikuwa amefunga kazi, akatuaga kwa kutushika mikono. Kwa hiyo mke yuko juu ya lori, mume yuko kibarazani anafukuza kuku. Sikulipenda jambo hilo, na nilikuwa mwepesi wa kununa.

Kwanza pumzi ilianza kukatika. Nilizoea kupanda kilima kwa baiskeli bila kushuka, nikawa nashuka na kuisukuma, kisha hata katika kusukuma nikawa napumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme. Yakafuata maumivu, si ya kuchoma, maumivu mazito chini ya bega, hayaondoki ukilala wala ukikaa. Jasho likanilowesha shuka katika baridi ile ya Songea ambayo watu hulala na mablanketi mawili. Mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya kwa msumari, baada ya mwezi nikatoboa la pili, nilipofika la nne nikauacha nikajifunga kamba.

Zahanati walisema ni kifua kikuu, na kwa dalili zile hata mimi ningesema hivyo. Nilichomwa sindano kila asubuhi kwa miezi miwili, kifua hakikufunguka. Ndipo hospitalini mjini wakanipiga picha, wakaona maji upande mzima wa kulia. Waliyatoa kwa sindano ndefu mgongoni, yakajaa chupa mbili, rangi ya chai iliyokolea isiyo na maziwa. Siku hiyo nilimaliza ugali nikaomba mwingine. Baada ya wiki tatu maji yalikuwa yamerudi, na pale sindano ilipopita pakaota kinundu kigumu, ukubwa wa punje ya hindi.

Daktari wa pale alinishauri mambo mawili: niende Dar es Salaam nikachunguzwe zaidi, na nipime damu. Hilo la damu alilisema kwa sauti ya chini, kwa heshima, lakini nilimwelewa. Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri masika yote.

Sikuwa na cha kufikiri. Niliogopa kwa sababu niliamini ugonjwa wangu naujua. Miaka tulipokuwa tunaezeka shule za upande wa Makambako nilikuwa na mwanamke huko, muuza chai. Baadaye nilisikia kwamba alikonda, akafa, na waliomzika hawakutaja alichougua. Nilijua nilikolala. Kila nilipojitazama kwenye kioo nilimwona yeye. Mficha maradhi kilio humfichua, methali hiyo nimewaambia wengi, nami nikaendelea kuficha.

Majirani nao walikuwa na yao. Mume amekonda, mke analala gesti za Tunduru na Mbamba Bay, jibu wakalipata bila kumwuliza mtu. Kaka yangu Alfonsi, mkubwa wetu, mtu wa kanisa na wa maneno machache, akaitisha kikao cha ukoo nyumbani kwake. Wazee walikaa kwenye viti, mimi nimejifunika blanketi, mke wangu yuko mkekani. Alfonsi alizungumza kwa kuzunguka, habari za biashara, habari za wanawake wanaosafiri, akamalizia kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako. Ugonjwa hakuna aliyeutaja. Hakukuwa na haja.

Skolastika hakuwajibu wao. Alinigeukia mimi.

"Baba Yusta, sema wewe. Hawa siwasikilizi. Wewe unaamini mimi ndiye niliyekuletea?"

Lilitakiwa neno moja tu, hapana, na pumzi ya kulisema nilikuwa nayo. Nilitazama blanketi. Nikapima haraka haraka, kwamba wakijua ni mimi nitakufa na jina baya, wakidhani ni yeye nitakufa nikionewa huruma.

"Nenda kapumzike kwenu kwanza," nikasema.

Kwetu kila mtu anajua maana ya kumwambia mke akapumzike kwao. Asubuhi alifunga nguo zake katika khanga mbili, akaiacha mezani mizani yake ya dagaa, akapanda gari la kwenda Hanga kwa wazazi wake. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka ishirini na sita. Kabla ya kuondoka alinipikia uji, nami niliunywa.

Akabaki Yusta. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hajaolewa, anakaa nasi. Alinihudumia vizuri kuliko nilivyostahili na kunisemesha kidogo: shikamoo baba, dawa hizi, maji haya ya kuoga yamepoa. Zaidi ya hapo kimya. Nilipolazwa tena kutolewa maji, kitanda cha jirani alikuwapo Mzee Saidi, mkulima wa korosho kutoka Tunduru, yeye ana kifua kikuu cha kweli. Watu wake walimletea korosho za kukaanga, naye alikuwa akinitilia mkononi moja moja. Akaniuliza mke wangu yuko wapi. Nikasema amesafiri. Akasema inshallah atarudi salama, na tangu siku hiyo kila alipomaliza kuswali alimwombea msafiri huyo kwa sauti nikimsikia. Kila alipoinua mikono niligeukia ukutani.

Shule zilipofungwa Yusta alinijia na tikiti mbili za basi. Alisema kesho kutwa tunakwenda Dar, na nikikataa yeye anahamia Hanga kwa mama yake na harudi. Tukaenda. Basi liliposimama Makambako abiria wakashuka kula, mimi nilijifunika taulo usoni mpaka likaondoka. Yusta alidhani nasikia baridi, akanifunga na shuka lake.

Hospitali kubwa za Dar zina kungoja kwake. Unafika alfajiri, unapewa kadi, kwenye benchi mnasogea kwa makalio kidogo kidogo, na jua limekwisha kuingia dirishani ndipo unasikia jina lako limetamkwa vibaya. Wagonjwa wa bara tulitambuana kwa masweta. Walinitoa maji, wakakata kinyama kutoka kifuani, wakachukua damu, wakaniambia ningoje. Nilingoja wiki tatu kwa binamu yangu, nimekaa kitandani na mito mitatu mgongoni, maana kulala chali nilikuwa siwezi tena.

Majibu ya damu yalitangulia. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, umri wa Yusta. Akasema ule ugonjwa wa siku hizi sina. Yusta alijishika mdomo. Mtu angetegemea nifurahi, na labda kuna aliye na roho safi angefurahi. Mimi lililonijia kwanza ni fedheha. Kama si ugonjwa ule, basi mke wangu nilimfukuza kwa kitu gani?

Majibu ya kinyama yakaja siku nyingine. Ilikuwa saratani, imeota kwenye utando unaozunguka pafu. Kabla hajaendelea, daktari akaniuliza ujanani nilifanya kazi gani. Swali hilo nililipenda, maana kazi ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho cha kujivunia. Nikamtajia shule, zahanati na nyumba za watumishi nilizoziezeka kwa mabati ya asbesto, yale ya kijivu ya saruji, tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini. Akaacha kuandika.

"Mlikuwa mnayakata kwa kifaa gani?"

"Kwa msumeno wa mkono. Jioni tulikuwa weupe kama watu wa mashine ya kusaga."

"Na lile vumbi mlilitupa wapi?"

"Hatukulitupa, daktari."

Nikamweleza kwa majivuno, Mungu anisamehe. Katika genge letu la mafundi tulikuwa na siri. Vumbi la asbesto ukilikanda na udongo wa kichuguu na majivu, ukasiliba nalo jiko, jiko hilo halipasuki kwa moto. Kwa hiyo kila jioni tulifagia chini ya meza ya kukatia, tukajaza mifuko mitupu ya saruji, tukagawana. Msimamizi alipata mfuko mkubwa, na msimamizi nilikuwa mimi. Niliubeba begani hadi nyumbani. Wanawake wa Bombambili walikuja kulitazama jiko letu, wakaomba nao wapate, nami nilijisikia mtu mkubwa kwa kugawa.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza taratibu kwamba vumbi hilo ndilo lililoniingia, zamani sana, likakaa kimya miaka yote hiyo. Yusta alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Mama ndiye alikuwa analikanda," akasema. "Kwa mikono yake. Kila kiangazi."

Hakusema na mimi, alisema na daktari. Ndipo nilipoelewa kwamba kwenye kikao kile cha ukoo mtu aliyeingiza maradhi nyumbani alikuwapo kweli. Alikuwa amejifunika blanketi.

Walinitoa maji yote kwa mpira kwa siku nne, wakamimina ndani dawa ya unga ili utando ushikane yasirudi tena. Uchungu wa dawa ile sitausimulia. Ikafuata mionzi kwenye kile kinundu cha mgongoni, wiki kadhaa, ngozi ikababuka ikawa nyeusi, harufu ya chai tu ikawa inanitapisha. Pafu lilibaki limefungwa, na hapo ndipo bega lilipoanza kushuka. Daktari hakunificha. Dawa ya kuung'oa ugonjwa hakuwa nayo, wengi huenda haraka, wachache ugonjwa wao hutembea polepole na hakujua kwa nini. Akasema niende nyumbani nikayamalize mambo yangu.

Jambo langu lilikuwa moja tu.

Tulirudi Songea mvua za kwanza zimenyesha, watu wako mashambani wanapanda. Nilimweleza Alfonsi kila kitu, hata habari ya Makambako. Aliinamisha kichwa, kisha akasema atakuwa mshenga. Kwa desturi yetu mume aliyemrudisha mke kwao haendi mwenyewe kumfuata. Anatuma mshenga na mbuzi, wazee wanazungumza na wazee, mwisho mmoja anasema yamekwisha, na mke anarudi bila mtu yeyote kutamka kosa lilikuwa nini na la nani. Nilitamani sana kukubali. Lakini mbuzi hawezi kumweleza mtu habari ya vumbi, na Skolastika ilimpasa kujua. Nikamwambia kaka yangu nitakwenda mwenyewe, yeye anisindikize.

Baba mkwe alitupokea uani. Mama mkwe, kama adabu inavyotaka kati yake na mkwe wa kiume, hakukaa nasi. Alikuwa nyuma ya ukuta wa matete wa jikoni, anatwanga. Skolastika alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, amekonda kidogo. Nilijua kila nitakalosema mama mkwe atalisikia, na kuna mambo ambayo mwanamume wa kwetu hayasemi mahali mkwe wake anaposikia, hata kwa viboko.

Niliyasema kwa vipande, maneno matatu, pumzi, maneno matatu. Kwamba aliyelala nje ni mimi, si yeye. Kwamba siku ya kikao nilijua hivyo nikanyamaza. Nyuma ya ukuta mchi ukasimama. Nikaendelea, kwamba hata hivyo ugonjwa wangu si huo, ni vumbi, nililibeba mwenyewe nikampa alikande, na yaliyonipata mimi huenda siku moja yakampata yeye. Mchi ukaanza tena, taratibu.

Nilitegemea Skolastika alie au anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Yeye alikuwa ametazama chini, anakunja vidole kimoja kimoja.

"Mama Zena nilimpa debe zima," akasema. "Mke wa katekista nilimsilibia mwenyewe. Na mama yako."

"Mama alikwisha kufa," nikasema, kana kwamba hakuwapo kwenye mazishi.

"Alikufa kwa kifua."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Naapa sikuwa nimelifikiri mpaka alipolitamka. Alfonsi alinyanyuka, akaenda kusimama nje ya ua, ametupa mgongo. Yule alikuwa mama yake pia.

Kisha Skolastika akasema, "Nitarudi Bombambili. Usidhani ni kwa ajili yako. Kuna wanawake niliowagawia."

Alirudi siku ya tatu, na hadi leo analala chumba cha Yusta. Jiko letu Alfonsi alilimwagia maji kwanza, kama daktari alivyoelekeza, akalivunja likiwa limelowa, amejifunga kitambaa puani, akalifukia kwenye shimo refu alilolichimba peke yake, kwa umri wake ule. Msamaha wa kinywa hakuuomba. Alichimba na kwenye nyumba nyingine, kwa wote waliokubali. Mimi na Skolastika tulizunguka mlango kwa mlango. Alibisha hodi yeye, akasalimia, akakaa pembeni, akaniambia, "Sema." Nami nikasema. Wengine walitucheka, jiko imara kama lile livunjwe kwa maneno ya Dar? Mama Zena hakucheka. Aliigeuza mikono yake akaitazama pande zote mbili, akaniuliza kama watoto wake waliokuwa wakilala jikoni nyakati za baridi nao wamo. Nikamwambia sijui. Aibu ya jibu lile ilizidi ya Hanga.

Wewe unayesoma, ukianza kukatwa pumzi usitafute wa kumsingizia. Nenda mapema, umtajie daktari kazi zote ulizofanya tangu ujana, hata hizo unazojivunia. Kunywa uji mwepesi mara nyingi badala ya kung'ang'ania sahani moja kubwa, na anayekuogesha mshukuru kwa sauti, asikisie. Wala mtu asikudanganye kwamba kuishi ni malipo ya wema. Mzee Saidi, aliyemwombea msafiri wangu wa uongo, nilisikia alifariki mwaka uleule. Mimi niko hapa. Ningekuwa ndiye ninayepanga, nisingepanga hivi.

Kila mwaka mavuno yakiisha nampeleka Skolastika hospitali kupigwa picha ya kifua. Mimi ndiye ninayeshika kadi na sweta lake, mimi ndiye ninayesogea kwenye benchi. Mpaka sasa picha ni safi. Mara ya kwanza nililia mbele ya wauguzi, mzee mzima. Yeye alifunga vifungo vya blauzi, akamwuliza daktari swali moja, safi mpaka lini? Daktari akasema hilo hakuna ajuaye, vumbi hili huweza kukaa miaka thelathini na zaidi kabla halijaamka. Skolastika aliitikia kwa kichwa, akanitangulia kutoka.

Ninapoandika haya yuko uani anapika. Sasa hivi amekohoa. Nimemwuliza kama ni kifua, akasema ni moshi wa kuni mbichi, nimwache afanye kazi yake. Huenda ni moshi. Naacha kuandika hapa, nisikilize kama atakohoa tena.